Nyumba Iliyokamilika

Niulizwe mimi, mwashi wa kazi ya miaka arobaini, ni kitu gani kinachoua nyumba, nami nitasema si mvua wala mchwa. Ni sifa. Mvua hula ukuta kidogo kidogo, mwenye nyumba akaona unyevu, akaita fundi, fundi akaja na mwiko wake akaganga. Sifa huingia kwa mlango wa mbele. Hukaribishwa kwa kahawa na halua, huulizwa hali ya wazazi wake, na wakati huo wote inakula, wala hakuna anayeisikia ikitafuna. Nasema hivi nikiwa na hofu. Sijaacha kuogopa tangu alasiri ile, na wanaodhani mzee haogopi kitu hawajazeeka bado.

Nchi yenyewe haina jina moja. Sisi tuliozaliwa humo tunaiita Huku. Wanaoitawala wanaiita Kule. Ni vijiji vilivyotawanyika katikati ya minazi na mashamba ya muhogo, nyumba za matumbawe na chokaa, kuta nene hata ukigombana na mkeo jirani hasikii. Nyumba ni za wanawake. Mama humwachia binti, binti humwachia binti, na sisi wanaume tunaingia kwa ndoa na kutoka kwa jeneza. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, na urefu wa boriti ameupanga mkoko, si mtu; kwa hiyo hajapata kutokea tajiri aliyejenga chumba kipana kuliko cha maskini. Na lipo jambo ambalo mgeni akiliona hudhani ni uvivu wetu. Hatukati vichwa vya boriti. Tunaviacha vitokeze nje ya ukuta wa nyuma, urefu wa mkono, vipigwe na jua na mvua, ili siku atakapozaliwa binti mwingine chumba chake kipate pa kushikia. Nyumba ya Huku haiishi kujengwa. Ukiuliza itakwisha lini utaambiwa, "Siku watu watakapokoma kuzaliwa."

Tulikuwa watatu katika nyumba ile wakati huo. Bi Kuze, mwenye nyumba, mama wa marehemu mke wangu, alikuwa kitandani katika chumba cha ndani, mwezi wa tatu, pumzi yake imekuwa nyembamba. Sanda ilikuwa imekunjwa juu ya kabati. Yeye mwenyewe alikuwa ameipapasa na kulalamika kwamba kitambaa chepesi. Mwanamize, binti yangu wa pekee, mimba yake ilikuwa imetimia. Na mimi, Shali. Athmani, mume wa Mwanamize, alikuwa mikokoni akikata boriti za chumba cha mtoto, maana sote tulishasema moyoni kwamba ni msichana.

Ndipo ikaja habari kwamba Wahifadhi wamefika kijijini.

Wahifadhi ni watu wa Daftari. Nyumba watakayoiandika haitabomolewa, wala haitauzwa, wala haitaguswa. Nyumba watakayoipita bila kuiandika, mashine itakuja kuipita kwa namna yake. Kijiji kizima kilishikwa na homa. Watu walifagia hata mapaa. Kina mama walitoa sahani za mabibi zao wakazipanga ndani ya zidaka za ukutani, na zidaka za watu wengine zilikuwa hazijaona sahani tangu vita. Bi Kuze aliniita kitandani.

"Shali. Vile vichwa vya nyuma."

"Vina nini, mama?"

"Mgeni aje akute nyumba haijesha? Waseme ya Bi Kuze imeshinda watu kumaliza? Kata."

"Mama, Mwanamize..."

"Mwanamize atajengewa kwengine. Kata, mwanangu, usinitie aibu na roho iko njiani."

Nami nikaona maneno yake ni ya haki. Ndivyo tulivyo watu wa Huku: mgeni akija tunaficha njaa, tunaficha ugonjwa, tunaficha hata mtoto mwenye mafua. Nilichukua msumeno nikakata vichwa saba. Mti ulikuwa mgumu, mwekundu ndani. Nikapiga chokaa mbichi juu ya mikato, nikalainisha kwa kiganja, ukuta wa nyuma ukawa mweupe mtupu. Nilirudi hatua tano nikautazama, nikajisifu. Mungu anisamehe, nilijisifu.

Msajili wao alikuja alasiri. Alikuwa mtu mpole, kijana bado, viatu vyake alivivua mwenyewe bila kuambiwa, na adabu ile ilitulainisha. Alipima kuta, akahesabu zidaka, akagusa nakshi za mlango kwa kidole kimoja kama daktari anayetafuta panapouma. Akaketi barazani, akafungua Daftari juu ya magoti.

"Mzee, nyumba hii imekamilika?"

Swali lenyewe hilo. Katika lugha yetu hatujawahi kuulizana hivyo. Nilisikia maziwa yakimwagika jikoni, nikasikia kuku, nikasikia sauti yangu.

"Imekamilika, bwana."

"Haijapungua kitu? Hakuna kinachosubiriwa?"

"Hakuna."

"Waliomo?"

"Watatu."

Akamtazama Mwanamize aliyekuwa amesimama na sinia la kahawa, akatazama tumbo lake, kalamu ikasita. "Watatu?"

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. "Watatu, bwana. Huyo mwingine hajafika."

Akaandika watatu. Akapiga mhuri, kisha akapigilia kibao kidogo cha bati juu ya mlango, akasema kwa furaha ya kweli, kwa maana naamini alifurahi: "Hongereni. Kuanzia sasa hakitaongezeka kitu humu wala hakitapungua."

Tukapiga vigelegele. Mwanamize naye alipiga, mkono mmoja mdomoni, mmoja tumboni.

Jua la alasiri lilikuwa limeangukia kidaka cha tatu, juu ya sahani ya buluu yenye ufa. Tulikaa tukizungumza. Tukanywa kahawa. Tukazungumza tena. Jua lilikuwa kidaka cha tatu. Bi Kuze aliketi kitandani peke yake, bila kushikwa, akaomba uji, akaunywa wote, akaomba mwingine. Tulilia kwa shukrani. Jua lilikuwa kidaka cha tatu. Nilitawadha nikae tayari kwa magharibi, nikatandika mswala, nikangoja adhana. Nilingoja hadi maji yakakauka mikononi. Nilingoja hadi magoti yakaniuma, yakaacha kuuma. Magharibi haikuja.

Mtu huogopaje? Wengine huogopa kwa kelele. Mimi huogopa kwa kufanya kazi. Nilifagia ua, nikapanga kuni, nikazipanga tena. Kuku yule yule alipita mbele yangu akadonoa punje ile ile. Nikajiambia, Shali, umechoka. Nikajiambia, joto. Majuto ni mjukuu, hayo niliyajua tangu utotoni, lakini sikudhani mjukuu mwenyewe angekuwa mlangoni ndio kwanza abisha hodi.

Uchungu ulimshika Mwanamize. Alijikunja akashika nguzo ya kitanda, jasho likamtoka, nami nikakimbia kumwita mkunga, Bi Time, nyumba ya pili. Nilivuka kizingiti cha mlango wa mbele. Mguu wangu ulikanyaga sakafu ya ndani. Nilikuwa nimetoka, na nilikuwa naingia. Nilijaribu mara ya pili polepole nikishika miimo. Nilijaribu kinyumenyume, jambo la kuchekesha kwa mzee mwenye kikoi, na hakuna aliyecheka. Kila kutoka kulikuwa kuingia. Niliporudi chumbani uchungu wa Mwanamize ulikuwa umefika mahali fulani ukageuka, ukarudi ulikotoka. Kisha ukaja tena, ukafika pale pale, ukageuka.

"Baba," akaniambia, "mwili wangu umefungwa. Kuna mtu ameshika mlango kwa ndani."

Nikamwambia ni kawaida kwa mimba ya kwanza. Mimi, mwashi, nasema habari za mimba!

Sasa niwaulize ninyi mnaosoma, mlio na magharibi zenu na alfajiri zenu: ni nani aliyetuhukumu? Yule kijana mpole hakusema uongo. Kila alichoandika tulimwambia sisi. Watawala wa Kule hawakuja na bunduki. Walikuja na swali, nasi tulikuwa tumejipamba tayari kulijibu. Nimefikiri sana kuhusu mamlaka katika alasiri ile ndefu, na nimeona kwamba mamlaka makubwa hayasemi kufa wala hayasemi kimbia. Yanasema kaa hivyo hivyo, umependeza. Na mtu masikini, ambaye hajapata kuambiwa amependeza, anakaa.

Athmani alibisha.

"Hodi! Baba, nimeleta boriti."

Nilikimbilia mlangoni, nikatia jicho kwenye ufa kati ya mbao mbili. Alikuwa amesimama nje, kijana wetu, matope hadi magotini, boriti begani. Nilimwita. Nilipiga mbao kwa ngumi. Alitazama mlango kama atazamaye ukuta, akaweka boriti chini, akakaa, akaondoka.

Alirudi. Kwetu ilikuwa alasiri ile ile, uji wa Bi Kuze ulikuwa bado wa moto. "Hodi. Baba, nimeleta boriti." Alikuwa na ndevu.

Alirudi. Ndevu zilikuwa na mvi. Safari hii sauti yangu ilimfikia kidogo, maana aligutuka.

"Baba? Ni wewe?"

"Ni mimi! Athmani, unatuona?"

"Naona nyumba," akasema. "Nzuri, nyeupe. Watu huja kuitazama, wakasimama hapa wakapiga picha. Mimi huwaambia mke wangu yumo. Wananicheka, baba. Mwanamize hajambo?"

"Hajambo."

"Keshajifungua?"

Nilikaa chini nyuma ya mlango ule. Nilisikia kikohozi chake kikienda mbali.

Nilipoinuka nilikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma, kwa upande wa ndani, pale miisho ya boriti inapoingia ukutani. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Mikono ya fundi huenda yenyewe. Nilipapasa, na chini ya kidole gumba changu chokaa ilibonyea. Ilikuwa mbichi. Ile niliyoipiga nje asubuhi ya kabla ya Msajili ilikuwa imenyonya hadi ndani kuzunguka mikato, nayo haikukauka, maana mhuri ulipigwa kabla haijakauka. Mahali pengine pote ukuta ulikuwa mgumu, na nilipojaribu kuuchokoa kwa patasi kovu lilijifuta mbele ya macho yangu. Lakini mahali pale palikuwa laini. Vichwa vile havikuwamo katika Daftari. Nilivificha mwenyewe, na Mhifadhi hahifadhi asichokiona.

Ningeweza kuvunja pale pale. Sikuvunja, na hii ndiyo sehemu ninayotaka isomwe polepole. Huku hakuna mwashi anayevunja ukuta bila neno la mwanamke mwenye nyumba. Huweka kiganja chake ukutani, akasema, "Vunja kwa heri," ndipo nyundo ikainuliwa. Ukuta uliovunjwa bila neno hilo, chumba kitakachojengwa hapo si cha mtu. Binti atakayelala humo hana fungu katika nyumba. Ni mpangaji kwa mama yake mwenyewe. Nimefanya kazi miaka arobaini na sijavunja hata kidaka bila kiganja.

Nilikwenda kwa Bi Kuze. Alikuwa ameketi, amesuka nywele zake chache, mashavu yana rangi. Nilimweleza yote, nikidhani anayasikia kwa mara ya kwanza.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Shali, mimi si mtoto. Jua halijaondoka kwenye sahani ya mamangu, nami nimenywa uji mara sijui ngapi. Najua."

"Basi nipe neno, mama. Mtoto atoke."

Alisawazisha shuka magotini. Chumba cha pili Mwanamize alikuwa akiguna, uchungu ukipanda kwenda mahali pake pa kugeukia.

"Ukivunja, mimi n'takuwaje?"

Nilipangusa chokaa kwenye kidole gumba.

"Sema, mwashi. Ulipopaka chokaa ile mimi nilikuwa nimefika wapi?" Akashika koo lake. "Hapa. Roho ilikuwa hapa. Weye umepata kuisikia roho ikikutoka? Husemi kwa sababu hujaisikia. Watu hunijia hapa wakanambia mauti ni haki, mauti ni mlango, wao wana miguu yao wataondoka wende wakale samaki. Mimi niliisikia miezi mitatu. Yule kijana kapiga mhuri, ikashuka. Sikupi neno."

"Mama, ni kitukuu chako."

"Hajui kitu. Asiyekuwapo haogopi. Mimi niko, Shali. Mimi niko na naogopa."

Mngemjibu nini? Niambieni. Aliyesema kwamba wazee hufurahi kuwapisha watoto hakuwahi kumtazama mzee usoni. Nilimpenda mama yule. Alinipa mwanawe nilipokuwa sina hata timazi ya kupimia ukuta, akasema kijana huyu ana mikono. Nilitoka nikiwa nimeamua kumwachia alasiri yake. Naandika hivyo wazi: niliamua. Nilikuwa nimemchagua yeye.

Mwanamize aliniita.

"Baba, weka mkono hapa."

Niliweka. Teke lilikuwa lile lile, upande wa kulia, chini ya mbavu. Nilikuwa nimelizoea. Lakini lilikuwa dogo.

"Linapungua," akasema. "Kila likija linapungua. Mwanzo lilikuwa linaniumiza."

Ndipo nilipoelewa. Watatu. Nilisema watatu. Bi Kuze ameandikwa, Mwanamize ameandikwa, mimi nimeandikwa, sahani yenye ufa imeandikwa, sisi hatutapungua. Huyu hakuandikwa. Yeye peke yake ndani ya nyumba ile alikuwa akiishiwa na siku, katika chumba kisicho na mlango, huku sote tukikaa salama kumzunguka. Nilisikia teke jingine. Ilinibidi kushikilia pumzi ili nilisikie.

Nilichukua mtalimbo.

Bi Kuze alikuwa ameshatangulia. Sijui alishukaje kitandani. Miezi mitatu hakuwa amekanyaga sakafu. Alikuwa amesimama ukutani, mgongo wake kwangu, amebandika kiganja juu ya chokaa mbichi, na kwa mtu wa Huku aliyetazama kutoka mbali ilikuwa sura ya mwanamke anayetoa neno.

"Shali," akasema bila kugeuka, "niachie hii alasiri tu. Sitaki nyingine. Hii tu."

"Mama, sogea."

"Nakuomba kwa mwanangu uliyemzika."

"Sogea, mama."

Nilimwondoa mkono. Ulikuwa mdogo, una joto, una nguvu kuliko nilivyodhani, vidole vyake vilikuwa vimezama katika chokaa na ilinipasa kuving'oa kimoja kimoja. Kisha nikapiga. Pigo la kwanza mtalimbo ulizama. Pigo la pili jiwe likatoka, likaanguka nje, nikasikia likigonga ardhi, sauti ya kwanza mpya tangu mhuri. Nilipiga nikilia. Mawe yalitoka meusi, yenye magamba ya kome ndani yake, na upepo ukaingia, na pamoja na upepo ikaingia adhana ya magharibi, na nilipogeuza kichwa sahani ya buluu ilikuwa gizani.

Mwanamize alipita katika tundu lile kwa magoti. Nje palikuwa na mikono ya kumpokea, mikono ya mzee, na sura ya mzee mwenye kichwa cheupe aliyekuwa amelala chini ya ukuta ule karibu na rundo kubwa la boriti zilizooza na nyingine mbichi. Alisema, "Mwanamize." Yeye alimtazama kwa hofu, kisha akamtambua, kisha uchungu ukafika mahali pake pa kugeukia na safari hii haukugeuka. Alijifungua hapo hapo, juu ya kikoi cha mumewe, mahali ambapo chumba kingekuwa. Ni msichana. Alikaa kimya kitambo kirefu, buluu, mdogo kuliko mtoto wa mimba ya miezi saba. Kisha akalia.

Mimi nilikuwa bado ndani. Bi Kuze alikuwa ameteleza chini ya ukuta, nami nilimpakata. Roho ilikuwa imefika kooni tena. Nilimlakinia shahada, akaitamka, sauti hafifu lakini yote. Nilidhani amemaliza. Akafumbua macho, akanitazama mimi, mkwe wake, hakuwa na chuki, alikuwa na woga tu kama wa mtu aliyeachwa njiani na wenziwe.

"Sikukupa," akasema.

Hilo ndilo neno lake la mwisho. Hakuna mwingine aliyelisikia.

Tulimzika. Sanda ilimtosha. Kibao cha bati tulikikuta kimeanguka kizingitini, na Daftari la Kule, nimeambiwa, lina mstari mwekundu juu ya nyumba yetu. Mashine itakuja au haitakuja, hatujui. Athmani na mimi, wazee wawili sasa, tumeanza kupandisha kuta za chumba.

Siku ya saba Mwanamize alikaa na mtoto mapajani, majirani wamejaa uani wakingoja jina, Bi Time mkunga akiwa mbele yao, au pengine alikuwa binti yake. Mwanamize akaniuliza mbele ya watu wote, kwa sababu ni lazima iulizwe mbele ya watu:

"Baba, bibi alitoa neno?"

Majirani wakageuka kunitazama. Nilimtazama mtoto. Kope zake zilikuwa bado hazijaota sawasawa.

"Aliweka kiganja," nikasema. "Alama ya vidole ipo kwenye chokaa, pembeni mwa tundu, nendeni mkaone. Akasema, vunja kwa heri."

Wakaenda, wakaona, wakarudi wakifuta machozi. Vigelegele vilipigwa hadi nikaziba masikio. Mwanamize alilia kwa furaha, akampa mtoto jina la bibi yake, na sasa kutwa nzima nyumba hiyo inaita Kuze, Kuze, njoo Kuze, na ni mimi peke yangu ninayestuka.